Mradi unaisha Desemba, kampuni inataka nitoke kwenye ajira nisaini mkataba wa ushauri. Wahandisi mlioko konsaltanti naombeni mawazo

Mtoto wa Saiti (mwanzisha mada)

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Nitaandika kirefu kidogo maana mtandao huku saiti unashika vizuri usiku tu na hili jambo limeninyima usingizi siku ya nne leo.

Mimi ni mhandisi ujenzi, nimemaliza chuo 2022, nimesajiliwa ERB (bodi ya wahandisi) kama mhandisi mhitimu na niko SEAP, yaani mafunzo ya vitendo ya kuelekea usajili kamili, nimeshapiga miaka miwili na miezi miwili kati ya ile mitatu. Nimeajiriwa na kampuni ya wahandisi washauri, ofisi iko Dar ila Dar yenyewe nilikaa wiki mbili tu baada ya usaili, muda wote niko mkoa wa Katavi tunasimamia kontrakta anayejenga barabara ya lami. Yaani mshahara unatoka Dar, kazi za kila siku napangiwa na RE (mhandisi mkazi, mkuu wetu wa saiti), nyumba na gari vinatoka kwa kontrakta, na mwenye barabara ni serikali. Kila mmoja kati ya hao akiamka vibaya anakupigia wewe.

Mkataba wangu ni wa ajira, wa mwaka mmoja, uliongezwa mara moja na unaisha 31 Desemba sambamba na mradi. Mshahara ni 1,350,000, yote basiki hamna posho. Sasa wiki iliyopita dada wa utumishi akanipigia akasema kampuni imebadili utaratibu, kuanzia Januari wahandisi wote wa saiti watasaini "mkataba wa ushauri". Nitalipwa 1,600,000 kwa mwezi, wanakata asilimia 5 tu ya kodi ya zuio basi, ila nalipwa miezi ambayo niko saiti. Kukiwa hakuna mradi nasubiri nyumbani bila kitu mpaka wakiniita. Afu wakaniomba nitume cheti changu cha ERB kilichoskaniwa na nisaini CV waliyoiandaa wao kwa ajili ya tenda mpya.

Kwa hela ya mkononi kiukweli inavutia, ukizingatia nina mdogo wangu kidato cha tano namsomesha mimi na baba alistaafu mapema kwa ugonjwa. Lakini roho inasita na sijui inasita nini hasa. Waliopitia hii nisaidieni. Nisaini au nisisaini?

---

Huru Kazini

Saini mkuu. Mimi nimekaa kwenye ajira ya konsaltanti miaka mitano nikatoka nikawa najitegemea, leo hii nafanya na kampuni tatu tofauti na mwaka jana nilikaa bila kazi miezi miwili tu. Ajira ya mkataba wa mwaka mmoja mmoja nayo si ajira ya kudumu, mradi ukiisha umeisha. Bora uchukue hela yako kubwa ukiwa saiti ujiwekee akiba mwenyewe. 1,600,000 kutoa 5% ni 1,520,000 mkononi. Saivi unapokea ngapi? Piga hesabu hapo utaona.

---

Mtoto wa Saiti

Saivi mkononi inaingia 820,000 kaka. NSSF 135,000, PAYE 192,500, na bodi ya mikopo 202,500. Ndo maana nimechanganyikiwa, tofauti ni 700,000 kila mwezi.

---

Mtetezi wa Kazini

Mdogo wangu subiri kwanza kabla hujasaini, hiyo 700,000 tuifungue tuone imetoka wapi.

Mimi si mhandisi, nimefanya kazi za utumishi na mashauri ya kazi miaka mingi na hii mikataba ya "ushauri" nimeiona kwa madereva, manesi, walimu, na sasa imefika kwenu. Mishahara yenu haijapandishwa hapo, kilichofanyika ni mwajiri kuacha kulipa vitu ambavyo sheria inamtaka alipe, na wewe kuacha kukatwa vitu ambavyo bado utadaiwa.

Anza na NSSF. Wewe unakatwa 10% na yeye anaweka 10% yake, yaani kila mwezi kuna 135,000 nyingine ambayo huioni kwenye salari slipu ila ni yako. Ukiwa mshauri zote mbili zinakufa. Bodi ya mikopo ndo haikati tena kwenye mshahara lakini deni liko palepale, hawajakusamehe. Ile asilimia 5 nayo watu wengi wanadhani ni kodi imeisha, hapana, ile ni ya kutanguliza, mwisho wa mwaka unatakiwa upeleke ritani TRA mwenyewe na kipato chako kinapigwa viwango vya kawaida vya mtu binafsi mpaka ile 30% ya juu, na kazi za kitaalamu kama zenu haziingii kwenye ule utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, unatakiwa uwe na hesabu zilizoandaliwa. Niliwahi kuletewa kijana alikuwa hajawahi kupeleka ritani miaka mitatu akidhani kampuni imeshamlipia, alipokuja kwangu ana karatasi ya makadirio mkononi anatetemeka.

Ongeza likizo ya siku 28 yenye malipo, haipo. Na kubwa zaidi kwa mtu wa saiti ni WCF. Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi anachangia mwajiri peke yake, wewe hukatwi hata shilingi, na ukiumia kazini ndo unaokutibu na kukulipa fidia. Unalindwa kwasababu ni mfanyakazi. Ukishasaini kwamba wewe ni mshauri, gari likipinduka na wewe kwenye mchepuko wenye vumbi saa moja usiku unarudi kambini, kampuni itasema huyu hakuwa mfanyakazi wetu. Naomba hiyo picha uiweke mbele yako unapoangalia 1,520,000.

Sasa upande wa sheria. Soma Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya 2004, kifungu cha 61. Inasema mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa bila kujali mkataba umeandikwaje kama kuna hata moja kati ya haya: mwingine anaongoza namna unavyofanya kazi, mwingine anaongoza saa zako, wewe ni sehemu ya taasisi yake, umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi ndani ya miezi mitatu iliyopita, unamtegemea kiuchumi, unapewa vifaa vya kazi, au unamfanyia yeye peke yake. Wewe ukijipima hapo unakosa ipi? Kwaiyo hata ukisaini sheria bado inaweza kukuona ni mwajiriwa, ila kwanini ujipeleke mahali pa kuja kuthibitisha CMA (tume ya usuluhishi wa kazi) kitu ambacho leo kipo wazi kwenye karatasi?

Na ukiamua kukataa usikatae kwa simu. Andika barua pepe, ya heshima kabisa, omba mkataba wako wa ajira uongezwe kwa masharti yaleyale, taja kwamba uliongezwa mwaka jana na kwamba wameshakuomba vyeti vya tenda mpya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 36 inasema kutokuongeza mkataba wa muda maalumu pale ambapo mfanyakazi alikuwa na matarajio ya msingi ya kuongezewa, hiyo nayo ni kuachishwa kazi. Ila matarajio hayo yanathibitishwa kwa maandishi siyo kwa maneno ya simu. Na ikifika huko kumbuka una siku 30 tu za kufungua shauri la kuachishwa, zikipita unaanza kuomba kuongezewa muda na si kila anayeomba anapewa.

---

Huru Kazini

Mtetezi sikatai sheria, ila ukweli wa soko huujui. Hizi kampuni zinalipwa na klayenti, yaani mwenye mradi, kwa miezi ya kazi ya kila mtaalamu. Klayenti akichelewa kulipa miezi minane, kampuni inalipa mishahara kwa mkopo wa benki. Mkurugenzi akibana matumizi si kwamba ana roho mbaya.

---

Mzee wa Lami

Nimesoma yote. Huru Kazini hapo mwisho umesema kweli na nataka vijana waelewe hilo, afu ntasema kwanini bado kijana asisaini.

Nimekuwa RE kwenye miradi sita, ya kwanza nilianza kama insipekta tu wa udongo. Kampuni ya ushauri haiuzi saruji wala kokoto, inauza muda wa watu. Kwenye mkataba na serikali imeandikwa RE miezi 30, injinia wa maabara miezi 24, sevea miezi 20, kila mmoja na bei yake. Kila mwezi ofisi inakusanya taimshiti zenu inatengeneza invoisi. Kontrakta asipolipwa hati zake za malipo anapunguza kasi, na kwa FIDIC ya 1999 (masharti ya mikataba ya ujenzi) malipo yanatakiwa yatoke ndani ya siku 56 tangu mhandisi apokee maombi ya kontrakta, yasipotoka kontrakta anaruhusiwa kutoa notisi ya siku 21 akasimamisha kazi. Kazi ikisimama klayenti anawaambia konsaltanti nao punguzeni watu. Wa kwanza kupunguzwa huwa ni nyie vijana. Kwaiyo kwa kampuni, mshahara wako mwezi ambao huna saiti ni hasara tupu. Huo ndo mzizi wa hii mikataba.

Lakini kuna kitu hapa naona wote mmekiruka na kwangu ndo kikubwa. Kijana ni mhandisi mhitimu. Kisheria anafanya kazi chini ya usimamizi wa mhandisi aliyesajiliwa, hajafika mahali pa kutoa ushauri wa kihandisi kwa jina lake mwenyewe. Sasa inawezekanaje mtu anayefundishwa aandikiwe mkataba kwamba ni mshauri anayejitegemea? Mshauri anajitegemea, anabeba dhima ya kazi yake. Hebu soma huo mkataba vizuri, nina uhakika kuna kifungu kinasema mshauri atawajibika kwa makosa ya kitaalamu. Ukiwa mwajiriwa kalvati likipasuka anaulizwa kwanza RE na kampuni iliyokutuma. Ukiwa mshauri umejiweka mstari wa mbele na huna hata bima ya taaluma.

Na SEAP je? Umebakiza miezi kumi. Miezi utakayokaa nyumbani unasubiri simu haihesabiki, logibuku, lile daftari la mafunzo, haiwezi kuandikwa "nilisubiri". Nimeona vijana wazuri mno waliobakiza miezi sita wakakaa miaka minne bila kuwa PE (mhandisi mwenye usajili kamili) kwasababu kila mradi unakatika katikati, msimamizi wa zamani kahama, hakuna wa kusaini ripoti. Chukua saini za msimamizi wako SASA, usingoje Desemba. Desemba kila mtu anafunga virago na RE atakuwa Dar anapambana na ripoti ya mwisho.

Hiyo CV umeisoma lakini? Umesema wameiandaa wao.

---

Dada Maabara

Hilo la CV nami nimelisubiri mtu aulize. Ila kwanza niseme kidogo kuhusu ile kauli ya mleta mada kwamba gari na nyumba vinatoka kwa kontrakta, kwasababu ndo kitu kiliniumiza mimi mwaka wangu wa kwanza na hakuna aliyenielekeza.

Mimi ni injinia wa maabara, nilipelekwa saiti nikiwa na umri wa miaka 25 mwanamke peke yangu kambi nzima ya konsaltanti ukitoa mpishi. Kuna siku kontrakta aliita ukaguzi wa tabaka la G45 (daraja la changarawe ya chini ya lami), mita 400. Spesi yetu ilitaka mgandamizo 95% na mimi kwa kipimo cha mchanga nikapata 91, 92, sehemu moja 89. Nikaandika hapana, washindilie upya wapime tena. Msimamizi wao alikuja mpaka mlangoni kwangu usiku, akaongea vizuri tu, akasema dada mvua inakuja kesho tukipasua hili tabaka tumeharibu kila kitu. Nikasema basi lifunikeni ila mimi sisaini. Kesho yake gari langu likawa "gereji". Siku nne. Nikawa natembea kwa miguu kwenda saiti kilomita tano asubuhi, na siku ya pili vijana wa maabara wakaanza kutembea na mimi, wamebeba chupa ya mchanga na mizani kwa zamu.

Nilikuwa nalia usiku nikidhani nimemkosea mtu aliyenipa gari. Mpaka RE, mzee mmoja mtaratibu sana, akanikalisha akafungua BOQ (orodha ya kazi na bei za mkataba), bili ya kwanza, akanionyesha mstari kwa mstari. Nyumba ya wahandisi, samani, maabara na vifaa vyake, magari, dereva, mafuta kwa mwezi. Akaniambia binti yangu, hili gari serikali imelinunua kupitia kwa kontrakta, analipwa kila mwezi kwa kukupa hili gari. Siku ambayo hukulipata hatumlipi. Na kweli kwenye hati ya mwezi ule akazikata zile siku nne. Gari halijawahi kwenda gereji tena bila taarifa.

Naandika haya kwasababu mleta mada kesho ukiwa "mshauri" usiye na ajira, halafu upate 89% jioni wakati mvua inakuja, nani atasimama nyuma yako? Mimi nilisimama kwasababu nilijua hata nikigombana na kontrakta mshahara wangu unatoka Dar tarehe 28. Ukilipwa kwa kuwepo saiti tu, mtu yeyote anayeweza kukuondoa saiti anaweza kukushika koo. Kontrakta akimwandikia klayenti huyu kijana anachelewesha kazi, wewe mwezi ule huna hela ya mdogo wako. Wananchi watakaopita hiyo barabara hawatajua kama ulikuwa na shida ya ada, wao wataona mashimo baada ya masika mbili.

CV sasa. Fungua kila ukurasa. Angalia miaka ya uzoefu, angalia majina ya miradi, angalia cheo.

---

Mtoto wa Saiti

Nimeifungua jana usiku baada ya kusoma jibu la Mzee na dada. Mikono imekuwa ya baridi wakuu.

Wameandika nina uzoefu wa miaka 7. Mimi nimemaliza 2022! Wamebadilisha mwaka wa kuhitimu umekuwa 2017. Wameweka miradi miwili ya madaraja ambayo sijawahi hata kuiona kwa macho, cheo wameandika injinia wa madaraja. Na chini kuna tamko kwamba mimi mwenye CV nathibitisha haya yote ni kweli, na saini yangu. Kuna na karatasi nyingine kwamba sitashiriki na kampuni nyingine kwenye tenda hiyo na nitakuwepo kwa muda wote. Nilimuuliza kwa simu mtu wa tenda akasema kila kampuni inafanya hivyo, ni ya kuombea alama tu, kazi ikipatikana watanibadilisha waweke mtu mwingine.

---

Mzee wa Lami

Usisaini. Hapo sina maneno mengi.

Ngoja nieleze kidogo kwa faida ya wengine. Tenda za ushauri zinapimwa kwa ubora na bei, na sehemu kubwa ya alama za ubora ni wataalamu. Ndo maana CV yako ina thamani kuliko unavyofikiri, wewe ukiwa huku unapima udongo, Dar kuna mtu anahesabu alama kwa jina lako. Kampuni ikikosa mtu wa miaka saba inamtengeneza. Lakini saini iliyopo pale ni yako, siyo ya mkurugenzi. Mradi ukiwa na fedha za Benki ya Dunia huo unaitwa udanganyifu, na wanaofungiwa ni kampuni na watu binafsi pia, majina yanawekwa hadharani. Bodi ya wahandisi nayo ina mamlaka ya kukufuta kwenye daftari kwa mwenendo usiofaa. Unataka kwenda kwenye usaili wa PE mwakani, unabeba ripoti inayosema umehitimu 2022, huku kuna karatasi serikalini yenye saini yako inasema 2017?

Na hilo la kubadilisha mtu baada ya kushinda, utaratibu unataka anayewekwa awe na sifa sawa au zaidi ya yule aliyepigiwa alama. Wakishindwa kumpata watakurudia wewe wakuambie nenda ukasimamie daraja. Mimi nimewahi kuletewa saiti "mtaalamu wa madaraja" wa namna hiyo. Kijana mpole, mwenye akili, hajawahi kuona nguzo ya daraja ikimwagwa zege. Nilikaa naye usiku na usiku namfundisha kusoma michoro ya nondo ili asimuue mtu. Alikuwa anaogopa kila siku ya miezi minane. Sikumlaumu yeye, niliwalaumu waliomleta, na niliandika barua.

Mwandikie mtu wa tenda kwa barua pepe, siyo simu. Mwambie umeona makosa kwenye CV, mpe CV sahihi uliyoandika mwenyewe, saini kila ukurasa na tarehe. Cheti cha ERB ukikituma andika juu yake kwa kalamu kwamba ni kwa ajili ya tenda fulani tu.

---

Maskati Kwetu

Salamu kutoka Oman. Mimi ni fundi mchundo niliyejiendeleza nikawa injinia wa mitambo, huku niko mwaka wa sita, nimeajiriwa na kampuni ya kukodisha watu, naripoti kwa kampuni nyingine ya gesi. Mfumo ni huohuo kabisa wa mabwana wawili, unavaa ovaroli ya huyu unalipwa na yule.

Nilichojifunza, kila kitu cha taaluma yako kaa nacho mwenyewe. Vyeti halisi, mikataba, taimshiti zilizosainiwa, picha za kazi. Kuna kampuni ya hapo nyuma ilikaa na vyeti vyangu halisi kabatini "kwa usalama", siku nataka kuhama nikazungushwa wiki saba. Toka Januari 2021 huku ile barua ya ruhusa ya mwajiri wa zamani iliondolewa, ukimaliza mkataba unaweza kuhama, lakini vyeti ukishavitoa mkononi hakuna sheria itakayokurudishia haraka. Na taimshiti usisaini ikiwa tupu hata siku moja. Klayenti analipa kwa hiyo karatasi, iandike wewe.

---

Huru Kazini

Mleta mada nimerudi. Ushauri wangu wa kwanza niliutoa nikidhani una PE na CV ni ya kweli. Kwa haya ya CV nami nasema usisaini. Mimi nilitoka kwenye ajira nikiwa tayari PE, nina bima, nina mhasibu anayepeleka ritani zangu, na bei nayopanga nimeongeza juu kufidia NSSF na miezi ya ukame. 1,600,000 kwa mtu wa kujitegemea ni ndogo, hata kama ungekuwa tayari. Kama mshahara wako wa ajira ni 1,350,000, ukiweka NSSF yao, likizo, bima, na miezi miwili mitatu ya kukaa, huwezi kushuka chini ya 2,200,000 ukabaki palepale ulipo leo. Samahani nilikuharakisha.

---

Mtetezi wa Kazini

Huru Kazini umefanya vizuri kurudi kuandika hivyo.

Kijana ukiachwa Desemba dai cheti cha utumishi na malipo ya likizo ambayo hukwenda, hivyo ni haki yako bila kujali mmeachanaje. Na kama ulifanya kazi siku zako za mapumziko, angalia ulilipwaje, siku ya mapumziko ya wiki ni mara mbili.

---

Mtoto wa Saiti

Wakuu narudi na mrejesho, samahani nimekaa kimya siku tisa.

Nilituma barua pepe mbili. Ya kwanza ya tenda, nikaweka CV yangu ya kweli. Yule mtu hakujibu, ila dada wa utumishi akapiga akasema nimewaangusha na kwamba tenda ile wameniondoa. Nilimwambia dada nisamehe, ila siwezi. Tulikaa kimya kwenye simu kama dakika nzima hivi, afu akasema kwa sauti ya chini hata yeye asingesaini.

Ya pili ni ya kuomba mkataba wa ajira. Mkurugenzi mwenyewe ndo alinijibu, na nashukuru alikuwa na adabu. Ofa yake ni ajira miezi 12 kwa mshahara uleule, ila kukiwa hakuna saiti nikae ofisi ya Dar nifanye michoro na kuandaa vipimo, na nitajitegemea nyumba. Hakuna nyongeza. Wenzangu wawili walishasaini ule wa ushauri kabla sijawaonyesha huu uzi, mmoja mke wake anajifungua mwezi ujao, sikuweza kumwambia kitu zaidi ya kumtumia kile kifungu cha 61.

Nimekubali ya Dar. Nitakuwa kwa shangazi Kimara mpaka nipate chumba. Ada ya mdogo wangu nimeongea na baba, tutauza ng'ombe mmoja, hakufurahi lakini alisikiliza mpaka mwisho nilipomwelezea ile ya miaka 7, akasema lete namba ya mnunuzi.

RE amenisainia logibuku mpaka wiki iliyopita, ukurasa kwa ukurasa, alikaa na mimi kuanzia saa mbili usiku mpaka saa tano. Dada Maabara nimeifungua BOQ bili ya kwanza, gari lipo mstari wa tisa.

Kesho alfajiri narudi mtoni, kyubu (vipande vya zege vya kupima nguvu) za kalvati kubwa zinatimiza siku 28 na kontrakta ameshaniuliza mara mbili zitavunjwa saa ngapi.